Maji ya moto bafuni, historia iko Ruvu

Wadau, siku hizi wengi wanaojenga Tegeta na Mbagala wanataka hita isiyo na tangi: maji yanapita, yanapata moto hapo hapo. Safi sana. Ila maji yenyewe je?

Mtambo wa Ruvu Juu ulianza 1959, Ruvu Chini 1976. Jiji likakua haraka kuliko mabomba. Mwaka 2003 kazi wakapewa City Water, Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Watu wa pembezoni hawakungoja. Walichimba visima, wakanunua maji ya maboza, wakajenga minara ya kuwekea simtank.

Kwa hiyo hita yetu "isiyo na tangi" mara nyingi inalishwa na tangi! Mnara ukiwa mfupi presha ni ndogo, hita haiwaki mpaka ufunge pampu.

Na kama hita iko mbali na bafu, kila asubuhi unamwaga maji ya baridi ukisubiri ya moto. Maji ya kununua hayo! Bomba la kuyarudisha kwenye hita, lenye pampu yake ndogo, linayaokoa, ingawa nalo linakula umeme. Au hita ifungwe bafuni kabisa.

Wadau mnasemaje?