Kubandika na Kubandua

Kitenzi “bandika” kina mwenzake, “bandua”, kama funika na funua, anika na anua: lugha yenyewe inatarajia kilichobandikwa kiweze kubanduliwa. Lakini picha ya kamera iliyopakwa gundi mgongo mzima haibanduki; ukiivuta, inachanika. Wapo watakaosema bila gundi itateleza ndani ya fremu. Haitelezi, mradi pembe zake nne zichomekwe kwenye vijimfuko vya karatasi isiyo na asidi, na vijimfuko hivyo ndivyo vibandikwe kwenye kadibodi, nayo isiwe na asidi. Juu yake iwekwe kadibodi iliyokatwa dirisha, picha isiguse kioo, kwani kwenye unyevu wa Mombasa au Tanga tabaka la jelatini la picha hulainika likanata kiooni. Kupaka gundi mgongo mzima tukuite kugandisha, si kubandika.