Mary Mahoney na Mlango wa Uuguzi

Hapo zamani watu wengi wa Ulaya na Marekani walidhani ya kuwa kuuguza si kazi ya kusomewa. Awezaye kufua nguo na kukesha kando ya mgonjwa alihesabiwa kuwa ametosha. Mawazo hayo yaligeuka polepole. Mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi mjini London. Na mwaka 1872 hospitali moja ya Boston, iliyoongozwa na madaktari wanawake, ilifungua shule yake, mojawapo ya zile za kwanza katika Marekani.

Katika hospitali hiyo alikuwapo mtumishi, jina lake Mary Eliza Mahoney, aliyezaliwa mwaka 1845. Wazazi wake walikuwa watumwa waliopata uhuru. Kwa muda wa miaka kama 15 alipika, akafua, akasafisha vyumba. Hata mwaka 1878, umri wake ukiwa umepita miaka 30, aliomba kuingia shuleni, akakubaliwa. Masomo yalidumu miezi 16, na kazi za wodini zilikuwa nzito, hata wengi walioanza hawakumaliza. Mahoney alimaliza mwaka 1879, akawa mtu mweusi wa kwanza katika Marekani kupata cheti cha uuguzi. Mikono ile ile iliyofua mashuka ndiyo iliyokipokea.

Je, cheti hicho kilimfungulia milango yote? La. Hospitali nyingi zilikataa kuwaajiri wauguzi weusi, na shule nyingi ziliwakataa wanafunzi weusi. Basi Mahoney aliwauguza wagonjwa majumbani mwao, na sifa za ustadi wake zikaenea.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1908 Martha Franklin, naye muuguzi, aliwakusanya wenzake mjini New York, wakaunda chama cha wauguzi weusi. Walipokutana Boston mwaka 1909, Mahoney ndiye aliyewakaribisha kwa hotuba. Alifariki mwaka 1926; na mwaka 1951 chama hicho kiliungana na chama kikuu cha wauguzi wa Marekani, ambacho sasa kiliwapokea weusi na weupe.

Sisi tulio na mabinti shuleni twaona hapa mambo mawili. Elimu humwinua mtumishi akawa stadi. Bali mlango uliofungwa kwa wengi hufunguliwa na wengi wakisukuma pamoja.