Viatu vya Kizungu Mjini Morogoro: Kazi na Maneno Yake

Atakaye kuijua historia ya kazi yoyote hana budi kuyachungua maneno ya mafundi wake. Katika makala haya nakusudia kuitazama kwa njia hiyo kazi ya viatu vya Kizungu mjini Morogoro.

Watu wa pwani walivaa ndara na makubadhi kabla ya kuliona buti. Neno sapatu lilitokana na Kireno. Buti na soli yalitokana na Kiingereza. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam iliufikia mji wa Morogoro mwaka 1907, na majeshi ya Waingereza yaliuteka mwezi Agosti 1916. Hata hivyo msomaji asidhani kwamba buti liliikuta lugha tupu. Ngozi, uzi, kisigino na msharasi wa kutobolea yalikuwamo tayari. Neno geni lilipokewa, likapewa wingi wake, mabuti, likatumika kama mwenyeji. Ndivyo lugha ifanyavyo: hupokea kile inachokihitaji, na hukijengea juu ya msingi uliopo.

Kiwanda cha Viatu cha Morogoro hakikufuata njia hiyo. Mradi wake ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, wala haukuwapo mpango wa kupitisha hewa, ingawa nchi ni ya joto. Hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na soko la Ulaya hakikulipata. Mwaka 1990 kazi ilikoma.

Fundi mwenye msharasi hupima mguu kwanza, ndipo akakata ngozi. Kiwanda kilikata kwanza.

Kuta na mashine za kiwanda zimeandikwa katika hesabu za serikali na za wakopeshaji. Maneno ya fundi akaaye kando ya njia, akitia soli na kushona upya viatu vilivyofumuka, hayamo katika hesabu ya mtu. Yafaa wanafunzi wetu wayakusanye wakingali na wa kumwuliza, kwa maana ustadi uliokiponyoka kiwanda umehifadhiwa humo.