Pilau Nyepesi ya Mitaa ya Mashariki

Siku ya Jumapili, yapata saa tano asubuhi, mtu apitaye baina ya nyumba za Shauri Moyo, Nairobi, hawezi kukosa kusikia harufu ya vitunguu vikaangwavyo. Harufu hiyo hutoka mlango hata mlango, na nyuma yake hufuata harufu ya bizari, iliki na mdalasini. Mgeni aliyezoea pilau ya karamu akiandaliwa chakula hicho, huitazama sahani na kujiuliza moyoni samli i wapi. Wali haung'ai. Vidole havibaki na mafuta. Nyama ni vipande vichache, na viazi vimeletwa ili kuisaidia. Mpishi wa arusi wa Mombasa au Lamu angeweza kuikana pilau hii kuwa si ndugu ya ile yake. Mimi nasema udugu upo, na kwamba wepesi wa pilau ya mitaa hii una historia yake, tena historia ndefu kuliko wadhaniavyo wengi waipikao.

Jina la pilau lina jamaa katika nchi nyingi. Waajemi wana polo yao, Wahindi wana pulao, na Waturuki wana pilav. Mbali kabisa, katika Louisiana, Marekani, wazao wa Waafrika, Wafaransa na Wahispania hupika jambalaya, wali mkali wenye viungo na nyama ndani ya chungu kimoja. Sidai kwamba vyakula hivi vyote vilizaliwa na mama mmoja. Walakini vimelelewa namna moja, katika miji ambamo watu wa asili mbalimbali walikutana na kuazimana sufuria.

Katika pwani yetu wali ulikuwa chakula cha heshima tangu zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu katika mwaka 1331, akakaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, umewekewa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Alipofika Mombasa aliona kwamba watu wa kisiwa hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka nje. Hakuutaja wali huo kwa jina la pilau, wala mimi siwezi kumtia neno kinywani. Lililo yakini ni kwamba mgeni aliheshimiwa kwa wali na samli, na desturi hiyo haijafa. Karafuu zilifuata baadaye sana: mikarafuu ilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Sayyid Said, kwa jasho la watumwa. Mdalasini, iliki na pilipili manga zilikuja kwa majahazi ya Bahari ya Hindi. Pilau ya Pwani, basi, ilikuwa chakula cha watu walioishi karibu na bandari na wenye siku za kusherehekea.

Je, ilipandaje hata Nairobi?

Reli iliyoanza Mombasa ilifika Nairobi katika mwaka 1899. Pamoja na makuli na mafundi walikuja Waswahili, Wanyamwezi, Wasomali na Wanubi, na baada ya muda mfupi watu wa bara wa kila kabila wakaja kutafuta kazi. Waafrika walijijengea vijiji kando ya mji. Kimoja kiliitwa Mombasa, kingine Maskini, na kingine Pangani, jina ambalo ni pia la mji wa zamani wa pwani ya Tanzania. Majina hayo peke yake ni ushahidi: watu walikuwa wamefika bara, na masikio yao yangali Pwani.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule aghalabu hulipita kwa haraka. Sehemu kubwa ya wenye nyumba katika vijiji vile walikuwa wanawake. Walitoka kwao Ukikuyu, Ukambani na kwingineko, wengine wakikimbia ndoa wasizozitaka, wengine wakikimbia njaa. Walipata fedha kwa njia mbalimbali, ngumu na za hatari, wakajenga nyumba za udongo na kuziezeka kwa madebe yaliyopondwa, wakapangisha vyumba. Wengi wao walisilimu, wakajifunza Kiswahili, wakajitanda kanga. Hawakuwa na ukoo mjini, basi wakajitafutia ukoo: walizikana, walilea watoto wa wenzao, walikusanyika siku za Idi na Maulidi. Katika mikusanyiko hiyo palipikwa pilau. Mwanamke aliyezaliwa mlimani, ambaye mama yake hakupata kuona karafuu maishani mwake, alipojua kupika pilau na kuwalisha majirani, alikuwa amekwisha kuwa mtu wa mji. Serikali ya kikoloni ilimwita mpita njia, lakini sufuria yake ilisema amekaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima viwanja vya Pumwani, ikitaka Waafrika wa vijiji vile wahamie huko. Watu waliviita Majengo, jina ambalo Mombasa pia inalo. Watu wa Pangani walikawia kuhama, na haishangazi, maana nani huacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake? Hata hivyo ilipofika mwaka 1939 Pangani ya zamani ilikuwa imekwisha kubomolewa. Baadhi yao walipelekwa Shauri Moyo, mtaa mpya wa serikali, ambako aliyekuwa mwenye nyumba akawa mpangaji.

Mitaa iliyojengwa na serikali na reli katika zama hizo ilikusudiwa mwanamume wa peke yake. Mshahara wake ulihesabiwa kama kwamba hana mke wala mtoto, na katika Kariokor, iliyopata jina lake kutokana na wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918, alipewa nafasi ya kitanda tu. Mpaka miaka ya 1940, ilipojengwa Kaloleni, ndipo serikali ilipoanza kuwafikiria wenye familia. Katika chumba kimoja hapakuwa na mahali pa sufuria tatu. Palikuwa na jiko moja la makaa, na juu yake sufuria moja. Chakula kilichopikwa chote ndani ya chungu kimoja kilifaa sana, ila samli ilikuwa ghali na nyama ilinunuliwa kwa kupimiwa kidogo kidogo. Basi mpishi alipunguza samli na kuongeza viazi, akaacha vitunguu na bizari vifanye kazi iliyofanywa na mafuta katika nyumba za matajiri.

Kisha ikaja vita. Katika mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, nchi iliyokuwa ikiuza mchele nje kuliko nchi yoyote ya ulimwengu wakati huo. Mchele ukaadimika katika nchi zote zilizozunguka Bahari ya Hindi, na Kenya yenyewe ikapatwa na ukame na upungufu wa mahindi katika mwaka 1943. Wakati huohuo vijana wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Burma kupigana. Fikiri jambo hili, msomaji: nchi iliyokuwa ikituletea mchele ikachukua watu wetu, na mchele wenyewe usije. Leo katika barabara ya Jogoo, karibu na Shauri Moyo, liko soko mashuhuri la nyama liitwalo Burma, na wazee wa mtaa hulihusisha jina hilo na askari waliorudi. Nyama ya pilau ya Jumapili hununuliwa huko.

Na mchele? Historia ya mchele ina uchungu zaidi. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi ya Waingereza yaliizunguka Nairobi, yakapekua mitaa ya mashariki nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 20,000, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliwekwa kizuizini. Mwaka huohuo ilianza kazi ya kuchimba mifereji katika tambarare ya Mwea, ili maji ya mito Thiba na Nyamindi yaingizwe mashambani, na waliochimba walikuwa mahabusu. Mashamba hayo ndiyo yatoayo pishori, mchele wenye harufu nzuri ambao watu wa Nairobi huuthamini kuliko wote. Ukiuliza kwa nini pilau ya mitaa yetu yaweza kuvumilia samli kidogo, sehemu ya jibu ni kwamba mchele wenyewe hunukia. Sipendi kula pilau ya pishori bila ya kukumbuka mikono iliyoshika sepetu chini ya bunduki.

Nikirudi kwetu nyumbani, nitasimulia jinsi nilivyoyajua haya, maana sikuyajua kwa kusoma. Katika miaka ya 1980 baba yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika viwanda vya Industrial Area, alipatwa na maradhi ya shinikizo la damu. Daktari alimwonya juu ya chumvi na mafuta. Mama aliliacha kopo la mafuta ya kuganda, akaanza kupima mafuta ya maji kwa kijiko. Baba hakunung'unika, aliyenung'unika ni mama mwenyewe. Ilipokaribia siku ya kupokea wageni wa posa ya dada yangu, alikosa usingizi. Aliona kuwapa wakwe pilau kavu ni kujivunjia heshima, na kumpikia baba sahani yake mbali ni kumtangazia ugonjwa mbele ya watu.

Jirani yetu alikuwa bibi mzee Mwislamu, mzaliwa wa Pangani ya zamani, aliyehamishwa pamoja na mama yake akiwa msichana. Mama alimwendea. "Shikamoo, mama," akasema, akamweleza shida yake.

"Marahaba, mwanangu," akajibu bibi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Samli! Wakati wa vita tulipika pilau kwa kijiko kimoja cha mafuta, watu kumi wakala wakashiba. Nani alikwambia pilau ni mafuta? Pilau ni kitunguu. Lete vitunguu nikuonyeshe."

Nilikuwapo jikoni, nikayaona yote. Nyama nusu kilo, iliyoondolewa mafuta, ilichemshwa jioni ya siku iliyotangulia pamoja na tangawizi na kitunguu saumu. Ilikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi yajulikana. Alfajiri mafuta yalikuwa yameganda juu ya supu kama sarafu nyeupe, na bibi akayaondoa kwa upawa. Bizari nzima, ambayo wengine huiita jira, ilikaangwa kavu pamoja na iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, kisha ikatwangwa katika kinu saa ileile. Alikataa bizari ya pakiti. Alisema imekwisha kulala. Vikombe 3 vya mchele vilioshwa mpaka maji yakatakata, vikarowekwa nusu saa.

Ndipo ikaja kazi ya vitunguu. Vilikuwa vitunguu 4 vikubwa, vimekatwa vyembamba, na mafuta yalikuwa vijiko 2 tu. Moto uliwekwa mdogo. Vitunguu vilipotaka kushika chini, bibi alimimina kijiko cha supu, akakwangua kwa mwiko, akangoja vikauke, akamimina tena. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na mama akawa akichungulia jiko kwa wasiwasi. Polepole vitunguu viligeuka rangi, vikawa vya hudhurungi, halafu vyeusi kidogo kama kahawa, vikanukia utamu. Hapo ndipo rangi ya pilau inapopatikana. Mwenye kukaanga kwa mafuta mengi huipata kwa dakika 10, na mwenye mafuta machache hana budi kuwa na subira. Kisha zikatiwa bizari, nyama, viazi vilivyokatwa vipande, vikombe 5 vya supu, na chumvi ya kupimwa. Ilipochemka ulitiwa mchele. Maji yalipokaribia kukauka, sufuria ilifunikwa, moto ukapunguzwa chini, na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko.

Juu ya nyanya kulizuka ubishi. Mama alizoea kutia nyanya mbili, na bibi alisema mwenye kutia nyanya hupika wali mwekundu, asijidanganye. Mimi naafikiana na bibi, ingawa najua kwamba nyumba nyingi za Jericho na Bahati hazitaniunga mkono. Nyanya zikatolewa kwenye sufuria zikaingia katika kachumbari, pamoja na vitunguu, pilipili mbichi na ndimu, na huko ndiko zilikofaa, kwa maana pilau isiyo na mafuta mengi huhitaji kitu cha maji kando yake.

Wageni walifika saa saba. Mzee mmoja kati yao, aliyekuwa na nasaba ya Mombasa kwa upande wa mama yake, alionja, akanyamaza kitambo, akauliza ni nani aliyepika. Mama aliinamisha kichwa. Mzee akasema ameikumbuka pilau ya nyanya yake, ile ya siku ambazo si sikukuu. Akaomba aongezewe. Baba alikula sahani moja na wageni wake, katika sinia moja, wala hakuna aliyejua habari ya daktari.

Walipokwisha kuondoka, bibi jirani aliingia jikoni bila kubisha hodi. Alifunua sufuria, akachukua mwiko, akaanza kukwangua ukoko uliobaki chini. Alituambia sisi watoto tukae, akatugawia kidogo kidogo kiganjani, na kilichosalia akakitia katika bakuli, akakifunika kwa upindo wa kanga, akaenda nacho kwake.