Kwa Nini Ndege Kubwa Hutupwa Pembeni Kutwa Nzima? Kisa cha Johannesburg na Ugomvi wa Geti

Anayetua Johannesburg mchana akitokea Dar, Nairobi au Lusaka huwa anaona kitu kimoja dirishani: madude makubwa ya mashirika ya Ulaya yamepangwa mbali kabisa na jengo la abiria, milango imefungwa, hakuna ngazi, hakuna anayepanda wala kushuka. Hapo maneno huanza. Mmoja atasema ni mabovu. Mwingine, tena kwa uhakika wa mtu aliyesimuliwa na shemeji yake, atasema yamekamatwa kwa madeni.

Kumbe wala. Yamelala tu, yanasubiri usiku.

Ila swali lenyewe si la kijinga. Mwaka 2018, bei ya Airbus A380 moja kwenye orodha ya kiwanda ilikuwa zaidi ya dola milioni 440. Kitu cha hela hiyo kinakaa juani saa 10 au 12 bila kubeba hata begi moja, na ndege haiingizi senti ikiwa chini. Mwenye akili zake anakubalije?

Zamani swali hili lisingekuwepo, kwa sababu ndege zote zilikuwa pembeni. Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kufanya safari za kawaida za abiria, Comet ya Waingereza, ilitoka London kwenda Johannesburg ikiwa na viti 36. Ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, kila kituo inaongeza mafuta, na safari nzima ikachukua karibu saa 24. Ikatua Palmietfontein, uwanja uliotumika kabla ya huu wa sasa. Watu walishuka kwa ngazi, jua la Entebbe likiwapiga usoni, na hakuna aliyejiona amedharauliwa. Matajiri walitembea kwa miguu kwenye lami kama wengine.

Kilicholeta matabaka ni lile daraja la kupandia ndege. Lilianza kuonekana viwanja vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, abiria wakazoea kuingia ndani bila kulowa. Kuna msanifu mmoja mzaliwa wa Finland aliyekataa mtindo huo alipopewa kazi ya kuchora uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Yeye aliona ndege ikae mbali na abiria wapelekwe na chumba chenye magurudumu, kinachobeba watu kama 100 kwa mpigo. Alifariki 1961, uwanja ukafunguliwa mwaka uliofuata. Wazo lilikuwa zuri, tatizo ndege zikanenepa. Boeing 747 ilipoanza kazi Januari 1970 ikiwa na abiria zaidi ya 300, vyumba vile vikaonekana kama daladala zinazojaribu kumaliza foleni ya treni. Mwishowe hata Dulles wakajenga mageti.

Sasa geti moja la ndege kubwa linameza nafasi na pesa nyingi, ndiyo maana hakuna uwanja wenye mageti ya kumtosheleza kila mtu. Turudi Johannesburg.

Ndege inatoka Ulaya usiku, inaruka saa 10 au 11, inafika asubuhi. Saa za huku na kule hazipishani sana, hazizidi saa mbili, kutegemea msimu. Tuseme igeuze haraka, iondoke saa 5 asubuhi: itafika Frankfurt karibu saa 4 usiku. Abiria wa kuunganisha kwenda Oslo au Warsaw atakuta ndege yake imeshaondoka, alale hotelini. Na ikichelewa kidogo tu, balaa: tangu 2011 Frankfurt kuna marufuku ya safari kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, maana wakazi walipeleka kelele za ndege mahakamani. Heathrow nako safari za usiku zimewekewa kikomo.

Kwa hiyo aliyelala usingizi wake Ujerumani ndiye anayeamua ndege ishinde juani Afrika Kusini.

Inasubiri jioni, iondoke saa 1 au 2 usiku, ifike Ulaya alfajiri wakati safari za kuunganisha zinaanza. Abiria naye analala njiani, hapotezi siku. Hesabu ya mwenye ndege inakubali, ingawa inauma.

Lakini kukaa getini saa zote hizo haiwezekani. Ni sawa na mtu aegeshe lori mbele ya duka la watu asubuhi, akalale mpaka magharibi. Ndege za mchana zinataka daraja hilohilo. Basi abiria wakishashuka na mizigo ikatoka, trekta linakuja kuivuta. Huko pembeni mafundi wanaikagua kwa nafasi, na bei ya kuegesha mara nyingi huwa nafuu kuliko ya geti.

Ulinzi ndio unaoumiza kichwa. Ndege isiyo na mtu ngazi huondolewa, milango hufungwa, na hukaguliwa upya kabla ya safari. Juni 2015, watu wawili walijificha kwenye tundu la magurudumu ya ndege iliyotoka Johannesburg kwenda London. Mmoja alianguka akafa Richmond, magharibi mwa jiji. Mwenzake alikutwa hai, hali mahututi. Miaka minne baadaye mwingine akaanguka kwenye bustani ya nyumba huko Clapham, ndege ikitokea Nairobi. Ndege kukaa getini hakuzuii visa hivyo, lakini ndivyo vinavyofanya walinzi wasiichukulie ndege iliyolala kama gari bovu uani.

Jioni trekta linarudi. Ndani ya chumba cha rubani anakaa mtu mmoja wa kushika breki, kiti kingine kitupu, na dude zima linavutwa polepole hadi getini. Abiria waliokaa kwenye viti vya kusubiria wanaliona likija, wanaanza kusimama na mabegi yao, wakiamini ndiyo kwanza limetua kutoka Ulaya.