Njia Ndogo Ndani ya Pafu: Kutoka kwa Ibn al-Nafis Hadi kwenye Hadubini



Ndugu yangu msomaji, hebu weka mkono kifuani. Umefunga tangu alfajiri, hujala wala hujanywa, lakini damu yako inazunguka vile vile. Inatoka upande wa kulia wa moyo, inapita mapafuni kuchukua hewa, inarudi upande wa kushoto, kisha inasambazwa mwili mzima. Leo mtoto wa shule anayajua haya. Lakini kuna zama ambazo matabibu wakubwa hawakuyajua, na kisa cha kujulikana kwake kinatuhusu sisi vijana wa Kiislamu.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, tabibu wa Kigiriki. Galen alisema ukuta unaogawa moyo una matundu yasiyoonekana, na damu hupenya hapo kutoka kulia kwenda kushoto. Nani angethubutu kumpinga?

Aliyethubutu ni Ibn al-Nafis. Alisomea utabibu Damascus, akahamia Cairo, na huko akafariki mwaka 1288. Tena hakuwa tabibu tu. Alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imam Shafi, haya haya tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani. Mwaka 1242, akiwa kijana wa miaka kama 29, aliandika sharhe ya mambo ya maumbile ya mwili yaliyomo katika Qanun ya Ibn Sina. Humo akasema wazi kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu lolote, liwe la kuonekana au la kutoonekana. Kwa hivyo damu haina budi kupitia mapafuni. Na baina ya mshipa unaoingia pafuni na ule unaotoka, akasema, lazima kuwe na njia ndogo.

Sasa hapa ndipo pa kuwa waangalifu. Ukikaa kwenye mihadhara yetu utasikia kijana akisema, "Kila kitu tuligundua sisi, wazungu wametuibia tu." Wallahi maneno haya yanapendeza masikioni, lakini je, ni ya haki? Ibn al-Nafis hakuziona zile njia. Hadubini haikuwako zama zake, na mwenyewe ameandika kwamba sheria na huruma zilimzuia kupasua maiti. Alifika pale kwa kusoma na kufikiri.

Aliyeziona ni Marcello Malpighi, wa Bologna, Italia. Mwaka 1661 aliangalia pafu la chura kwa hadubini akaona mishipa myembamba mno ikiunganisha mishipa mikubwa. Hizo ndizo tunazoziita kapilari. Kutoka 1242 mpaka 1661 ni miaka 419! Hata William Harvey wa Uingereza, aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628, alifariki 1657 bila ya kuziona.

Na sisi je? Kitabu cha Ibn al-Nafis kilikuwapo, lakini jambo lile lilisahaulika. Mwaka 1924 daktari kijana kutoka Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, ndiye aliyelifufua baada ya kukuta nakala ya mkono ya sharhe ile katika maktaba ya Berlin. Yaani hazina yetu ilikuwa kabatini, na wenyewe tumelala. Kusema kweli hilo linaniuma kuliko wizi wowote.

Safari haikuishia kwa Malpighi. Karibu na mwaka 1800, Mfaransa Xavier Bichat alizigawa tishu za mwili aina 21, tena bila ya hadubini, maana hakuiamini. Baadaye lenzi zikaboreka, na zikaja rangi za kutia kwenye vipande vyembamba vya nyama ya mwili. Rangi mbili zilizounganishwa mwaka 1876, hematoksilini na eosini, zinatumika maabarani hadi leo. Ya kwanza hufanya viini vya seli vionekane buluu au zambarau. Ya pili huyapaka mengine waridi.

Ukichungulia, kila kiungo kina sura yake. Pafu ni kama wavu wenye matundu yenye kuta nyembamba sana. Figo lina vifundo vya mviringo vya mishipa, na hivyo pia Malpighi alivieleza. Msuli wa moyo una mistari, na nyuzi zake hugawanyika kama matawi. Mara ya kwanza nilipoangalia pafu nilibaki kusema Subhanallah, halafu mwalimu akaniuliza: "Ni kiungo gani hicho, na umejuaje?" Swali la pili ndilo zito. Kipande kikitolewa mwilini mwa mama yako ili kujua kama ana saratani, kuna mtu atakayekitazama hivyo hivyo na kutoa jibu. Hapo ufahari wa mababu haumsaidii mgonjwa. Linalosaidia ni jicho lililosomeshwa.

Ndugu yangu, Ramadhan ndio mwezi ambao wahyi wa kwanza uliteremka na amri ya kusoma. Ibn al-Nafis aliitii. Tumpe haki yake, na Malpighi naye tumpe yake, kwani uadilifu ni katika dini. Kisha tufungue vitabu.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.