Mababu wa Masisi na Walikale waliofia kizuizini wamezikwa wapi?

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, likazikwa Kinshasa kwa heshima zote za taifa. Ni haki sasa kuulizia pia watu wa msitu wa mashariki mwa Kongo, kati ya Masisi, Walikale na Lubutu, waliochukuliwa mwaka 1944 wakafia mbali na kwao.

Waliochukuliwa walikuwa wafuasi wa Kitawala. Dini hiyo ilitoka Nyasaland na Rhodesia ikaingia Katanga miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni ilipowahamishia wahubiri wake mikoa mingine, ikawa imewapa waumini wapya.

Wakumu, watu wa msitu huo, waliipokea katika miaka ya taabu kubwa. Wajapani walikuwa wameteka mashamba ya mpira ya Malaya, na Ubelgiji ikageukia msitu wa Kongo. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima vijijini zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mtu aliacha shamba lake, akaingia msituni kutafuta mitambaazi ya mpira, akaikata, akangoja utomvu udondoke tone kwa tone, kisha akabeba mzigo hadi kwenye mizani ya mzungu. Ukipungua, fimbo ilimngoja.

Hapo ndipo aliposimama Bushiri Lungundu, akaongoza maasi ya 1944. Mwanahistoria Nicole Eggers, aliyeichunguza Kitawala ya Kongo kwa miaka mingi, anatukumbusha kuwa wafuasi wake walimwona kuwa mkombozi, na kwamba suala la uponyaji lilikuwa katikati ya maasi yale. Naona yuko sahihi. Ukisoma habari hizi kama fujo za washirikina tu, husikii watu waliouona utawala kuwa ugonjwa ulioipata nchi yao, wakaitafutia tiba. Damu ilimwagika pande zote mbili, lakini iliyomwagika kwa wingi ni ya Waafrika. Jeshi la kikoloni, Force Publique, lilizima maasi, Bushiri akakamatwa, akafia gerezani.

Wakoloni walikuwa na njia nyingi za kumwondoa nabii. Kenya, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, akatolewa 1947. Kongo ilitumia zaidi uhamisho, kwa amri ya mwaka 1910 iliyomruhusu mtawala kumwondoa mtu kwao bila hukumu ya mahakama. Walioitwa hatari walipelekwa kambi kama Kasaji, Katanga, na Ekafera, Equateur. Mtu wa Walikale aliyefia Kasaji alizikwa kwenye ardhi ambayo mkewe hakuwahi kuiona.

Nabii mwingine wa Kongo, Simon Kimbangu, naye alifia gerezani Elisabethville, Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Lakini mwaka 1960 waumini wake waliurudisha mwili wake Nkamba, na leo mahujaji wanafika kaburini kwake. Wakumu hawakupata kanisa kubwa kama lake la kuwasemea. Huo ni uonevu wa pili, na huu tumeufanya wenyewe.

Vita vya miaka 30 vimewatawanya wazee waliokuwa wakiyajua majina. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi Januari, kisha Walikale Machi. Mzee anayekimbia na godoro kichwani habebi daftari.

Nyaraka za wakoloni zipo Brussels, na amri za uhamisho zilitaja watu kwa majina. Serikali yetu iiombe Ubelgiji nakala za orodha za waliohamishwa baada ya maasi ya 1944, zisomwe redioni kwa Kiswahili na Kikumu. Na wewe msomaji, kama bibi yako yu hai, muulize leo: jina la aliyechukuliwa, kijiji chake, jina la baba yake, na upande alikopelekwa. Yaandike.